Chelezo kilikuwepo, ufunguo haukuwepo

Jumatatu moja ya masika, tarehe 18, zikiwa zimebaki siku mbili tu kufikia siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT, niliingia ofisini saa moja na nusu asubuhi nikiwa bado nakung'uta mwavuli, nikamkuta mhasibu wetu mkuu amesimama kando ya meza yangu. Nilimpa shikamoo, akaipokea, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, ripoti yangu iko wapi?" Kwa kawaida, ikifika saa kumi na mbili asubuhi, ripoti ya mauzo ya siku iliyotangulia huwa imekwisha kuingia katika barua pepe yake, pamoja na ile ya madeni ya wateja na ile ya mizigo iliyobaki ghalani. Siku hiyo hakikuingia kitu, na kesho yake pia hakikuingia kitu. Ripoti yake aliipata Jumatano saa tano asubuhi, ikiwa imebaki nusu siku ya kazi, na tangu hapo nimekuwa na deni la kuandika niliyoyaona katika siku hizo, kwa kuwa chelezo, yaani nakala ya akiba, tulikuwa nacho, kilikuwa kizima, na bado hakikutufaa jinsi tulivyodhani.

Kampuni ninayoifanyia kazi inasambaza bidhaa za dukani: inapokea mizigo hapa Tanga mjini na kuipeleka Muheza, Korogwe, Lushoto na Pangani. Kila ghala lina mfumo wake wa mauzo, na katikati ipo seva moja ya ripoti inayoendeshwa na programu ya SQL Server Reporting Services. Microsoft waliitoa mara ya kwanza mwaka 2004 kama nyongeza ya SQL Server 2000, programu yao ya kuendesha hifadhidata, na ofisi nyingi za kadiri yetu zinaendelea kuitumia ingawa toleo la mwaka 2022 ndilo la mwisho kwa jina hilo. Kazi yake ni kuchota takwimu katika hifadhidata za maghala, kuzipanga katika sura ya ripoti, na kuzituma kwa saa iliyowekwa. Takwimu zenyewe haziishi humo. Kinachoishi humo ni maelezo ya jinsi kila ripoti inavyotengenezwa, ruhusa za nani aone nini, ratiba za kutuma, na nywila za kuingilia kila hifadhidata ya ghala. Kwa sababu hiyo watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tulikuwa tukiiona kama dirisha: likivunjika unaweka kioo kingine, maadamu nyumba ipo.

Seva hiyo ilikaa katika chumba kilichokuwa stoo ya karatasi, katika jengo lililo karibu na bahari kiasi kwamba upepo wa kusi ukivuma, kioo cha dirisha huwa na utando wa chumvi ifikapo jioni. Skrubu za kabati lake zimeota kutu. Diski zilikuwa mbili zikifanya kazi kwa mtindo wa kioo, yaani kila kinachoandikwa katika moja kinaandikwa na katika nyingine, ili moja ikifa nyingine iendelee peke yake. Nilipoivuta seva asubuhi ile niliona taa ndogo ya rangi ya chungwa inawaka upande wa mbele, ishara kwamba diski moja ilikuwa imekufa zamani. Na upande huo wa mbele tulikuwa tumeugeuzia ukutani mwaka uliotangulia ili waya zifike kwenye swichi. Hakuna aliyejua taa hiyo iliwaka tangu lini. Diski ya pili, iliyonunuliwa siku moja na mwenzake na kufanya kazi saa zile zile, ilikata roho usiku wa Jumapili, umeme uliporudi baada ya kukatika mara tatu. Hata kama zingekuwa nzima zote mbili, mtindo wa kioo hauhesabiwi kuwa chelezo, kwa maana ukifuta faili kwa bahati mbaya, kioo hufuta pamoja nawe papo hapo, kwa utiifu uleule.

Hapa niseme kidogo juu ya neno lenyewe. Wanaotafsiri programu za simu na kompyuta wamechagua neno chelezo kwa kile ambacho ofisini sote tunakiita bakapu. Mtu wa pwani akisikia chelezo anafikiria boya, kile kinachoelea juu ya maji kumwonyesha mvuvi mahali alipozamisha dema au nanga yake. Nimelipenda neno hili kuliko wanavyolipenda wenzangu, maana boya halikupi samaki. Linakuonyesha pa kuvuta tu, na kama kamba imekatika huko chini, boya linaendelea kuelea vilevile.

Chelezo chetu kilikuwa hivi. Kila usiku saa nane, kazi iliyopangwa katika SQL Server Agent, sehemu ya SQL Server inayoendesha kazi kwa ratiba, ilichukua nakala kamili ya hifadhidata iitwayo ReportServer, ikaiandika katika diski ya nje, kisha ikaipeleka nakala ya pili kwenye kompyuta iliyo jengo la pili. Nilikuwa na faili la usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na kwa kuwa Jumapili hakuna aliyebadilisha ripoti yoyote, sikuwa nimepoteza chochote. Nilimwambia mhasibu atapata ripoti yake kabla ya alasiri. Nilichukua kompyuta nzuri kidogo iliyokuwa ikisubiri mfanyakazi mpya, nikaweka mfumo, nikaweka SQL Server ya toleo lilelile, kwa kuwa hifadhidata iliyochukuliwa katika toleo jipya hairudi katika toleo la zamani, na kufikia saa nane mchana nilikuwa tayari kurejesha. Kurejesha kwenyewe kulichukua dakika 4. Nilifungua jedwali la Catalog, nikahesabu ripoti: zote 61 zilikuwepo, kwa majina yake na makabrasha yake. Nikampigia mhasibu simu kumwambia mambo yamekaa sawa.

Kisha nikaelekeza huduma ya ripoti kwenye hifadhidata hiyo na kufungua ukurasa wake katika kivinjari. Badala ya orodha ya ripoti nikapata ujumbe mmoja wenye neno rsReportServerNotActivated. Nilizima huduma nikaiwasha. Nilizima kompyuta nikaiwasha. Nilirejesha faili la Ijumaa badala ya la Jumamosi, kana kwamba kosa lingekuwa katika siku. Jioni ndipo nilipotulia na kusoma maelezo ya Microsoft taratibu, na hapo nikaelewa kwamba nilichokuwa nakitafuta hakikuwa ndani ya faili lolote kati ya yale niliyokuwa nayo.

Jambo lenyewe liko hivi. Reporting Services haihifadhi nywila na maelezo ya kuunganisha kwenye maghala kwa maandishi ya wazi, bali huyasimba kwa ufunguo mmoja. Ufunguo huo umehifadhiwa ndani ya hifadhidata yenyewe, katika jedwali liitwalo Keys, lakini nao umefungwa kwa ufunguo mwingine unaotegemea mashine na akaunti ya Windows inayoendesha huduma hiyo. Mashine ile ile, ikiendeshwa na akaunti ile ile, inaufungua kila siku bila mtu kujua kwamba kuna kufuli. Mashine nyingine, hata ukiipa hifadhidata nzima bila kupungua herufi moja, inapewa kasha ambalo ufunguo wake uko ndani ya kasha lingine, na kasha hilo lingine kwangu mimi lilikuwa limekufa pamoja na diski. Ndiyo sababu programu hiyo inampa msimamizi njia ya kuutoa ufunguo nje mapema. Kuna ukurasa wa Encryption Keys katika Reporting Services Configuration Manager, au kuna amri ya rskeymgmt ambayo ukiipa herufi -e, jina la faili na nywila, inakuandikia faili dogo lenye kiambishi cha .snk. Siku ya msiba unaliingiza faili hilo katika mashine mpya kwa herufi -a na nywila ileile, na kila kitu kinafunguka. Kazi ya dakika moja. Sikuwa nimeifanya katika miaka minne.

Asiye na faili hilo amebakiwa na njia moja, nayo ni kufuta kila kilichosimbwa. Amri ni ileile rskeymgmt, kwa herufi -d, na maelezo yanaonya wazi kwamba kilichofutwa hakirudi. Nilikaa mbele ya amri hiyo kwa muda mrefu usiku wa Jumatatu, nikatengeneza kwanza nakala ya hifadhidata kama ilivyo, kisha nikabonyeza. Ripoti zikaonekana. Lakini kila ripoti niliyoifungua ilisema haina maelezo ya kuunganisha, kwa kuwa njia zote za kufikia maghala zilikuwa zimefutwa pamoja na nywila zake, na ratiba zote za kutuma barua pepe zilikuwa zimezimwa.

Jumanne yote ilikuwa ya kuandika upya kwa mkono. Tulikuwa na vyanzo 14 vya pamoja, vinavyotumiwa na ripoti nyingi, na hivyo vilienda haraka. Kilichonimaliza ni ripoti 23 ambazo waliozitengeneza walikuwa wameweka chanzo ndani ya ripoti yenyewe, kila moja na jina lake la mtumiaji na nywila yake, baadhi zikiwa za watu waliokwisha kuacha kazi. Ghala la Lushoto lilikuwa na akaunti maalumu ya kusoma tu, ambayo nywila yake aliiweka fundi mmoja aliyehamia mkoa mwingine. Nilimpata kwa simu saa mbili usiku, akiwa kwenye daladala, akajaribu kuikumbuka huku akipaza sauti herufi moja moja kushinda muziki wa gari, na tulipofika ya tano tukakata shauri kwamba ni heri niende kwa msimamizi wa ghala tuiweke mpya. Wakati huohuo mhasibu alikuwa anajumlisha ankara kwa kikokotoo, daftari moja baada ya jingine, na hakuwa ananisemesha sana.

Tangu wiki ile utaratibu wetu umebadilika, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo inahusu vitu vidogo vilivyo nje ya hifadhidata. Faili la .snk lipo mahali pawili, na hakuna kati ya hapo palipo na nywila yake. Nywila imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, karatasi imetiwa katika bahasha ya kaki, bahasha imegundishwa na kusainiwa juu ya mkunjo na watu wawili, nayo inakaa katika kasha la chuma la mhasibu chini ya vitabu vya hundi. Mhasibu mwenyewe ndiye aliyechagua mahali hapo, na nadhani ni mahali salama kuliko seva yoyote niliyowahi kuitunza. Ufunguo ukibadilishwa, faili hutolewa upya na bahasha huchanwa. Ukibadilisha akaunti ya Windows inayoendesha huduma, fanya hivyo kupitia Configuration Manager na si kupitia orodha ya huduma za Windows, kwa sababu ukipita mlango wa nyuma seva inaweza kuamka ikiwa haiwezi kufungua kufuli lake yenyewe.

Mafaili ya mipangilio nayo yanachukuliwa, hasa rsreportserver.config, ambalo ndani yake mna anwani ya seva ya barua pepe na mambo mengine yanayowekwa mara moja na kusahauliwa. Ipo pia hifadhidata ya pili, ReportServerTempDB, ambayo yaliyomo ndani yake ni ya muda na hayana haja ya kuchelezwa, lakini yenyewe lazima iwepo, na lazima iwe na jina linaloendana na la kwanza. Hili nalo nilijifunza kwa kuumia, kwani katika jaribio moja nilirejesha hifadhidata kuu kwa jina jipya ili nisiichanganye na ile ya kazi, na programu ikaendelea kuita ReportServerTempDB kwa jina lake la zamani, kwa kuwa jina hilo limeandikwa ndani ya taratibu zake. Usibadilishe majina. Tena, hifadhidata kuu huundwa ikiwa katika mtindo wa kumbukumbu kamili, maana yake faili la kumbukumbu za miamala haliachi kukua mpaka nalo lichelezwe. Kwetu lilikuwa limefikia gigabaiti 40 kwa hifadhidata isiyofika gigabaiti 2, na hakuna aliyelalamika kwa sababu diski ilikuwa bado ina nafasi.

Kuhusu mahali pa kuweka nakala, hesabu inayofuatwa na wengi ni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Nakala yetu ya mbali inakaa ghala la Korogwe, kama kilomita 100 kutoka hapa, na haiendi huko kwa intaneti. Inakwenda kwa gari la mizigo kila Jumamosi, ndani ya kisanduku cha plastiki kinachofungwa kwa mpira, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu tunavyovikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu. Wapo wanaoicheka njia hii. Mimi nina sababu ya kuipenda, nayo ni kwamba diski iliyo ndani ya kisanduku haijaunganishwa na kitu chochote, na kirusi kinachofunga mafaili ili mtu adaiwe fedha hakiwezi kupanda gari. Tarehe 27 Juni 2017, kirusi kilichopewa jina la NotPetya kiliiangusha mitambo ya Maersk, kampuni ya meli ambayo watu wa mji wa bandari hawahitaji kuelezwa ni nani. Walikuwa na nakala za seva zao nyingi, ila hawakuwa na nakala ya zile seva zinazotambua watumiaji wa mtandao mzima, kwa kuwa zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe kote duniani, na zote zilifutwa pamoja. Iliyonusurika ni moja tu, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio na seva ikawa imezimika. Intaneti ya Ghana ikawa ndogo kwa mzigo huo, na hakuna mfanyakazi wa pale aliyekuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo diski ilibebwa kwa ndege mpaka Nigeria, ikakabidhiwa mkononi mwa mwingine aliyeipeleka Uingereza, walikokuwa wakirejesha mitambo yao. Huwa naikumbuka habari hiyo kila umeme unapokatika hapa kwetu, ingawa siwezi kusema inanifanya niufurahie.

Diski inayosafiri kwa gari inaweza kudondoka au kuibwa, na ndani yake mna majina ya wateja, namba zao za simu na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitofautishi taarifa zilizo katika seva na zilizo katika kisanduku cha plastiki. Kwa hiyo diski hiyo nayo imesimbwa, na nywila yake imeingia katika bahasha ileile. Nakala za mwisho wa mwaka hazifutwi mpaka miaka 5 ipite, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda huo, na ripoti ambayo hesabu za ritani zilitokana nayo naiweka katika kundi hilo bila kusita.

Kila usiku, baada ya nakala kuandikwa, inakaguliwa kwa amri ya RESTORE VERIFYONLY. Amri hiyo inahakikisha faili limekamilika na linasomeka. Haiahidi kwamba kilichomo kitafanya kazi. Matokeo yanatumwa kwangu yakiwa mazuri au mabaya, na hili la mazuri nalisisitiza, kwa sababu ujumbe unaokuja siku ya kosa peke yake hauna tofauti na ukimya. GitLab, kampuni inayowatunzia watengenezaji wa programu kazi zao, walilipata hili tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wao alipofuta hifadhidata ya takribani gigabaiti 300 akidhani yuko katika seva nyingine. Walipokimbilia nakala zao walikuta kazi ya kunakili ilikuwa ikishindwa kila siku kwa kutumia toleo la programu lisilolingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuarifu kosa hilo zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa hiyo mimi nisipoona ujumbe wa asubuhi, naanza siku kwa kuutafuta.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunafanya zoezi la kurejesha kila kitu katika mashine tupu, tukianza na kisanduku kilichorudi kutoka Korogwe, na mimi siruhusiwi kugusa mashine yangu ya kawaida. Zoezi la kwanza lilinifundisha mambo mawili kwa mpigo. Nilirejesha hifadhidata, nikaingiza ufunguo, na badala ya ripoti nikapata lalamiko kwamba toleo letu la Standard haliruhusu seva nyingi kushirikiana hifadhidata moja. Seva ilikuwa moja tu, lakini katika jedwali la Keys jina la mashine ya zamani lilikuwa bado limeandikwa, na programu ikahesabu mbili. Amri ya rskeymgmt yenye -l inaorodhesha majina hayo, na yenye -r inaondoa lisilohitajika.

La pili lilikuwa la aibu zaidi. Ratiba za kutuma ripoti huishi kama kazi za SQL Server Agent zenye majina marefu ya herufi na tarakimu yasiyosomeka, na huduma ya ripoti inapoamka katika mashine mpya huziunda upya yenyewe bila kuuliza. Nami nilikuwa nimerejesha rsreportserver.config kwa uaminifu, pamoja na anwani ya seva ya barua pepe. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi mashine ya zoezi, niliyoiacha inawaka, ikawatumia wasimamizi wote wa maghala ripoti ya pili, yenye takwimu za siku tatu nyuma. Msimamizi wa Lushoto alinipigia kabla sijanywa chai. "Bwana, mbona mauzo yangu yamenywea?" Sasa anwani ya barua pepe inaondolewa katika faili la mipangilio kabla huduma haijawashwa, na Agent inabaki imezimwa mpaka nijue inakwenda kufanya nini.

Tulipomaliza hayo nilidhani tumefika. Nilichapa ripoti ya mauzo ya tarehe 3 Mei kutoka seva ya kazi, nikachapa ya tarehe hiyohiyo kutoka mashine ya zoezi, ambamo tulikuwa tumerejesha pia hifadhidata ya ghala la Tanga, nikampelekea mhasibu karatasi zote mbili. Alizilaza sambamba mezani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, na hakuiteremsha. Jumla hazikufanana. Hakuniuliza lolote kuhusu kompyuta. Alinyanyuka, akashusha faili la mwezi wa tatu kutoka rafuni, akafunua, akaweka kidole juu ya namba. Jumla ya karatasi ya zoezi ilikuwa ya tarehe 5 Machi, mpaka shilingi ya mwisho.

Nilihitaji saa nzima kuipata sababu. Akaunti za kuingilia SQL Server hazikai ndani ya hifadhidata unayoirejesha. Zinakaa katika hifadhidata ya mfumo iitwayo master. Kwa hiyo nilikuwa nimeiunda akaunti ya ripoti upya kwa mkono, na mashine ikaipa lugha ya us_english, ambayo husoma mwezi kabla ya siku, wakati akaunti ya zamani ilikuwa na lugha ya British. Ripoti hiyo hupeleka tarehe kama maandishi, na 03/05 ikasomwa kuwa tarehe 5 ya mwezi wa tatu, bila kosa, bila onyo. Kama tungechagua tarehe 18, ripoti ingegoma waziwazi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 18, nami ningeliona tatizo mapema. Sasa akaunti zote zinatolewa kwa skripti pamoja na lugha na vitambulisho vyake, na skripti hiyo inasafiri ndani ya kisanduku.

Niliirekebisha lugha, nikachapa upya, nikarudi kwa mhasibu. Safari hii aliteremsha rula mstari kwa mstari hadi chini, akatia saini pembeni na tarehe, akaikunja karatasi mara mbili na kuifungia katika kasha, juu ya ile bahasha ya kaki.